Nani Alitupeleka Lagos? Daftari Langu na Historia ya Kuhesabu Mpira

Jumapili usiku, hosteli.

Wadau wa kijiwe hiki, poleni kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu. Sijawasahau, ni asaimenti tu na safari ya nyumbani Nyegina ambayo haikuwa kwenye ratiba. Leo wenzangu wa chumbani wameenda kuangalia mechi, kuna utulivu, basi nimekaa niandike jambo linalonisumbua tangu nirudi. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una chai weka karibu.

Kwa wasiokujua Nyegina: ni kwetu, Musoma Vijijini, ukitoka Musoma mjini hata hujakaa vizuri kwenye gari umefika. Wazee wa kwetu hawachoki kukukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alibatizwa pale mwaka 1943. Na kama vijiji vyote vya kando ya Ziwa Victoria, tuna mambo mawili ambayo hayahitaji kikao: dagaa na mpira.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, na vijana wa timu yetu ya mtaani wakanipa kazi. "Wewe ni msomi, shika daftari." Nikashika kweli. Nilinunua kauntabuku, nikachora mistari, kila mechi naandika: nani kafunga, nani katoa pasi ya bao, nani kapiga mashuti mangapi. Mechi 11 nimeziandika zote. Nilijiona kama hawa wachambuzi wa redioni, si unajua tena.

Kuelekea mwisho wa likizo akaja kocha wa timu moja ya mjini (simtaji, wala timu siitaji, hana kosa lolote). Alikuwa anatafuta vijana watatu wa kufanya nao mazoezi. Akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa na daftari. Nikafungua ukurasa wa jumla, nikasoma majina matatu ya juu: washambuliaji wawili na winga. Akaandika, akashukuru, akaondoka.

Sasa, kwenye timu yetu kuna dogo anavaa jezi namba sita. Ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo kwa desturi ni mdogo wangu kabisa. Humu nitamwita Namba Sita, jina lake mniachie. Ni kiungo mkabaji. Kwenye kauntabuku langu alikuwa na mabao sifuri, pasi za mabao sifuri, mashuti mawili. Nilipokuwa nasoma majina kwa kocha, alikuwa amekaa hatua chache tu pembeni anafungua viatu. Hakusema kitu.

Juzi nilipokwenda nyumbani nikamkuta anaingia ziwani usiku na wavuvi wa dagaa. Si kazi mbaya, imenilipia hata mimi ada ya sekondari. Lakini tukiwa tunakula akaniambia kwa upole, "Kaka, siku ile ulikuwa unaandika wanaofunga tu." Basi. Akaendelea kula. Mimi ugali ukanikwama.

Nimerudi chuo nikiwa na swali moja: hivi unampimaje mchezaji mmoja ndani ya timu? Nikajua haiwezekani niwe wa kwanza kukosea. Nikaanza kusoma historia ya jambo hili. Haya ndiyo niliyoyapata, na mengine nimeyapigia hesabu mwenyewe.

NDOLA, 1979

Tuanzie hapa hapa kwetu. Nikiwa nyumbani niliwauliza wazee wanaokaa chini ya mwembe, baada ya shikamoo na marahaba zote: nani alitupeleka Lagos 1980? Wote kwa sauti moja: Peter Tino!

Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: Taifa Stars ilifuzu Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980, Nigeria. Baada ya hapo tukasubiri miaka 39, mpaka Misri 2019. Ili kufuzu ile ya 1980 tulicheza na Zambia, Agosti 1979. Dar tulishinda 1-0. Marudiano Ndola, Zambia wakatangulia, na dakika za mwisho mwisho Peter Tino akasawazisha. 1-1. Jumla 2-1, tukafuzu. Jina la Tino likaingia kwenye historia, na linastahili.

Sasa shika kalamu. Ondoa bao la Tino. Dar 1-0, Ndola 0-1, jumla 1-1. Hatujatoka, ila hatujafuzu pia. Tunaanza kubahatisha. Kwa hiyo thamani ya bao lile ni kututoa kwenye "labda" na kutupeleka kwenye "ndiyo". Kubwa sana.

Rudisha bao la Tino, halafu fanya jambo jingine: chukulia kwamba siku ile Dar beki mmoja aliteleza, Zambia wakapata bao moja. Dar 1-1, Ndola 1-1, jumla 2-2. Tuko pale pale kwenye "labda"! Maana yake kazi ya kipa na mabeki ya kutoruhusu bao Dar ilikuwa na uzito uleule wa bao la Tino Ndola. Gramu kwa gramu. Lakini chini ya ule mwembe hakuna mzee hata mmoja aliyeanza na Dar.

Siwalaumu wazee. Bao lina dakika, lina jina, lina mtangazaji anayepiga kelele. Bao ambalo halikufungwa halina dakika. Utaliandika wapi? Hata kule Lagos tunakumbuka mabao yetu matatu, moja la Juma Mkambi dhidi ya Nigeria, na mawili ya Thuwein Ally, dhidi ya Misri na Ivory Coast. Je, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga waliziba hatari ngapi kwenye mechi hizo? Jedwali la wafungaji halina pa kuliandika hilo.

KITENDAWILI CHA 1977

Nikasema basi, kumbe njia ni rahisi: unamtoa mtu, unaangalia matokeo yanabadilikaje. Nikafurahi kwa kama nusu saa hivi. Halafu nikakumbuka Julai 19, 1977.

Wana Yanga mnisamehe, ni historia. Siku ile Simba iliifunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Yanga walijifunga.

Haya, tumia njia yangu. Ondoa mabao matatu ya Kibadeni: Simba inashinda 3-0. Matokeo hayajabadilika, ushindi ni ushindi. Kwa hiyo mchango wa Kibadeni ni sifuri?! Ondoa ya Masimenti: 4-0. Sifuri. Ondoa la kujifunga: 5-0. Sifuri. Ukijumlisha, timu imeshinda sita bila na hakuna mtu aliyechangia chochote. Nenda kamwambie mwana Simba yeyote maneno hayo, mimi sipo.

Ukihesabu mabao tu, unawasahau mabeki. Ukihesabu kwa kumtoa mtu mmoja mmoja, kwenye ushindi mkubwa unawafuta wote. Nikaona kumbe shida si kauntabuku langu peke yake.

BWANA MMOJA NA PENSELI, 1950

Twende Uingereza kidogo. Machi 18, 1950, Swindon Town walikuwa wanacheza na Bristol Rovers. Jukwaani alikuwepo bwana Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga. Kipindi cha kwanza kilimchosha, anaona mashambulizi mengi hayazai kitu. Kipindi cha pili akatoa penseli na daftari, akaanza kuandika kila shambulizi: pasi ngapi, limeishia wapi. Hakuacha tena, akaandika mechi kwa mamia na miaka kwa miongo. Mwaka 1968, pamoja na mtaalamu wa takwimu Bernard Benjamin, walichapisha utafiti kwenye jarida la chama cha takwimu cha kifalme cha Uingereza.

Mimi huyu mzee nimempenda kwa moyo wake, lakini hitimisho lake liliumiza mpira wa watu. Aliona kwamba kama mabao 8 katika 10 yanatokana na mashambulizi yenye pasi tatu au pungufu. Akasema: basi acheni kupigiana pasi, pigeni mipira mirefu mbele. Kuna makocha wa Uingereza waliolishika wazo hilo kwa miaka mingi.

Kosa liko wapi? Wana elimu wenzangu mtalielewa haraka. Chukua darasa la wanafunzi 100, wavulana 90 na wasichana 10. Mtihani wamefaulu 50: wavulana 40, wasichana wote 10. Halafu mkuu wa shule anatangaza paredi: "Asilimia 80 ya waliofaulu ni wavulana, kwa hiyo wavulana ndiyo wenye akili!" Utamwambia mwalimu, subiri kidogo, wasichana wamefaulu wote. Reep ni hivyohivyo. Kwenye takwimu zake mwenyewe, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Ukiwa na asilimia 90 ya mashambulizi na unaleta asilimia 80 tu ya mabao, wewe ndiye uliyezembea. Yale mashambulizi machache ya pasi nyingi yalikuwa yanalipa zaidi kila yalipotokea.

Kwenye somo letu la upimaji na tathmini tunafundishwa mambo mawili, uthabiti na uhalali. Uthabiti: ukipima leo na kesho unapata jibu lilelile. Uhalali: unapima kile unachodai kupima. Mizani ya dukani iliyochakachuliwa ni thabiti sana, kila siku inakuibia gramu zilezile. Daftari la Reep lilikuwa thabiti. La kwangu pia lilikuwa thabiti.

KUJUMLISHA NA KUTOA

Miaka ya 1950 huko Kanada, timu ya Montreal Canadiens ya mpira wa magongo wa kwenye barafu ilianza kutumia kipimo kingine. Hawakujali nani kafunga. Waliangalia: wewe ukiwa uwanjani, timu yetu imefunga mangapi na imefungwa mangapi? Toa, unapata namba yako. Ukiwa na +10 una neema, ukiwa na -10 una nuksi.

Nilipokisoma nikasema hiki ndicho! Hapa kiungo mkabaji na kipa wanaonekana, hata kama hawajawahi kugusa nyavu za adui.

Ila nacho kina yake. Kwanza, ukicheza pembeni ya watu wazuri unapata neema ya bure, kama yule mwenzetu kwenye kikundi cha asaimenti (mnamjua, kila kikundi kinaye) anayepata 18 kwa 20 na hajui hata kichwa cha swali. Pili, kwenye barafu wachezaji wanaingia na kutoka kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo kuna dakika nyingi za kulinganisha "akiwepo" na "asipokuwepo". Sisi kwenye mpira wa miguu kwa miaka mingi tulikuwa na mabadiliko matatu tu, matano yalianza kuruhusiwa mwaka 2020 wakati wa korona. Mtu anacheza dakika 90 msimu mzima. Utajuaje timu ikoje bila yeye, wakati hajawahi kutoka?

MPIRA KAMA NJIA ZA MJI

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani (Duch, Waitzman na Amaral) walikuja na wazo jingine. Walichukua takwimu za mashindano ya Ulaya ya 2008, wakachora timu kama ramani. Kila mchezaji ni kituo, kila pasi ni njia. Halafu wakauliza: njia zinazoishia kwenye shuti zinapita kwa nani mara nyingi? Wachana na aliyepiga shuti, angalia vituo vyote ambavyo mpira ulipita kabla.

Nani akaibuka juu? Xavi wa Hispania. Si mfungaji wa mabao mengi, kiungo. Na ndiye huyohuyo ambaye UEFA walikuwa wamemchagua mchezaji bora wa mashindano yale, wao kwa macho tu bila hesabu hizo. Nilichopenda hapa ni kwamba hesabu na macho ya watu wazoefu yamekutana njiani.

Lakini angalia tena. Ramani hii inahesabu mpira ulikopita. Yule anayefanya mpira USIPITE, anayeziba njia mpaka adui anaamua kurudisha nyuma, bado yuko gizani. Namba Sita wangu bado anafungua viatu pembeni.

MWENYE TAA

Hapa niwarudishe Nyegina, maana jibu lililonikaa kichwani nimelipata kwa wavuvi kabla sijalipata maktaba.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mnahitaji taa ya kuwavuta, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia za sola. Mnahitaji nyavu. Mnahitaji mtu wa kupiga kasia. Chukua mtumbwi wa watu watatu, kila mmoja na kazi yake. Asipokuwepo wa taa, dagaa hawaji, sifuri. Asipokuwepo wa nyavu, wanakuja mnawaangalia tu, sifuri. Asipokuwepo wa kasia, hamfiki. Sasa mmepata ndoo tisa. Nani kavua? Anayeonekana anavuta dagaa ni wa nyavu. Ukimhesabia yeye zote tisa, kesho wa taa atabaki kitandani kwake, na wewe utajua usiku huohuo.

Mwaka 1953 mwanahisabati wa Marekani, Lloyd Shapley, aliandika namna ya kugawa mchango kama huu. Kwa lugha ya kijiweni: chukulia watu wanaingia kwenye mtumbwi mmoja mmoja, na kila anapoingia mtu andika kaongeza nini. Halafu rudia kwa mpangilio mwingine wa kuingia, na mwingine, mpaka mipangilio yote iishe, kisha tafuta wastani wa kila mtu. Kwenye mtumbwi wetu anayeingia wa mwisho ndiye anayeonekana kaleta ndoo zote tisa, maana kabla yake kulikuwa na sifuri. Ila kuna mipangilio sita, na kila mmoja anakuwa wa mwisho mara mbili. Wastani: ndoo tatu, tatu, tatu. Mwaka 2012 Shapley alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi, kwa kazi yake nyingine inayohusu kulinganisha watu na nafasi, lakini hii ya kugawa mchango ni yake pia na watu wa takwimu za mpira wanaitumia.

Angalia pia inavyotatua kitendawili cha 1977. Kibadeni hapati tena sifuri, kwa sababu katika mipangilio mingine anaingia kabla Simba haijawa na bao lolote, na hapo bao lake ndilo linaloleta ushindi.

MAYELE ALIPOONDOKA

Mtasema, wewe unaongelea ya zamani tu. Haya, ya juzi. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alifunga mabao 17 Ligi Kuu, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Yanga ikawa bingwa, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mayele akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao 7. Halafu akaondoka kwenda Pyramids ya Misri. Humu hosteli kuna watu walifunga hesabu: Yanga kwisha.

Msimu wa 2023/24 Yanga ikawa bingwa tena. Stephane Aziz Ki akafunga 21.

Je, ina maana Mayele hakuwa na kitu? Hapana jamani. Pyramids na yeye wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2025, na alifunga kwenye fainali. Maana yake ni kwamba pengo la mtu linategemea pia nani yuko tayari kuliziba. Yanga wana uwezo wa kuziba. Timu ndogo akiondoka mmoja, ukuta mzima unaegemea upande.

Na kuna mambo ambayo hata Shapley hayawezi. Sisi watu wa Mara tunaijua habari ya Biashara United. Timu yetu ya Musoma ilimaliza nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikaingia Kombe la Shirikisho. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale Dar. Ilibaki mechi ya marudiano tu, na tulikuwa na mabao mawili mkononi. Timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya, tukatolewa bila mpira kuchezwa. Msimu huohuo ikashuka daraja. Wale vijana walikuwa wamefanya kila kitu walichotakiwa kufanya uwanjani. Ukiangalia rekodi utaona "walitolewa raundi ya pili", na atakayeisoma miaka 20 ijayo atadhani walizidiwa mpira. Kwa hiyo ukipima mtu kwa matokeo, kumbuka kwanza kuuliza kama ndege ilikuwepo.

KURUDI KWENYE KAUNTABUKU

Jumatano usiku nikalifungua tena daftari langu. Safu ya wanaozuia sikuwa nayo na siwezi kuitengeneza sasa, siku zimepita. Lakini kwa bahati nilikuwa nimeandika kikosi cha kila mechi na matokeo. Nikafanya kile cha Wakanada. Mechi 8 alizocheza Namba Sita tulifungwa mabao 5. Mechi 3 ambazo hakucheza (moja alikuwa na malaria, mbili alikuwa ziwani) tulifungwa 7.

Nikakaa kimya kama dakika tano hivi.

Nisiwadanganye, mechi tatu ni chache mno. Pengine wapinzani wa siku hizo walikuwa wakali, pengine kipa alikuwa amechoka. Kwa mechi tatu huwezi kuandika hata pendekezo la utafiti, msimamizi atakurudishia. Lakini jambo hili lilikuwa ndani ya daftari siku ile kocha ananiuliza, na mimi sikuliangalia kwa sababu nilikuwa nimeshaamua mpira ni mabao. Na yule mfungaji wetu namba moja? Mabao yake manne kati ya tisa aliyafunga siku moja, dhidi ya timu iliyokuja na watu tisa. Nalo hilo lilikuwemo.

Alhamisi nikampigia kocha. Nikamweleza ukweli wote bila kujitetea. Akacheka, akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe nilikuwa na macho, ningeweza kukaa nione mechi." Akasema nafasi kwa sasa zimejaa, ila mwezi ujao wana mechi ya kirafiki, dogo aje acheze dakika 45 wamwone. Hajaahidi kitu, na mimi siwezi kumlazimisha.

Kisha nikampigia Namba Sita. Nikaanza na "samahani", akanikatisha. "Kaka, tarehe ngapi? Kuna giza la mwezi wiki hiyo, tunakuwa ziwani." Nikamwambia tarehe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataongea na mwenye mtumbwi. Sijui atapewa ruhusa au la. Kama nilivyowaambia, mtumbwi ukikosa mtu mmoja ni hasara ya wote, kwa hiyo hata mwenye mtumbwi ana hesabu zake.

Kwa nini nawaandikia haya yote? Kwa sababu wengi wetu humu mwakani tutakuwa na daftari jingine mkononi, la alama. Tutakaa mbele ya watoto 80 darasani na tutachora safu. Kila safu tutakayochora kuna mtoto itamwonyesha na kuna mtoto itamficha. Yule anayenyoosha mkono kila swali ataonekana bila shida. Yule anayemweleza mwenzake nyuma ya darasa kwa sauti ya chini mpaka anaelewa, tutamwandika wapi? Na kikundi kikileta kazi moja yenye majina sita, nani alikuwa ameshika taa?

Mimi sina jibu kamili. Nimeongeza safu mbili tu kwenye kauntabuku, moja ya mipira iliyonyang'anywa na moja ya mabao tuliyofungwa kila mchezaji akiwa uwanjani, na nimempa dogo wa jirani alishike mpaka nitakaporudi likizo. Nimemwambia pia aache ukurasa mmoja mtupu kila mechi, aandike chochote alichokiona ambacho hakina safu.

Wenzangu wanarudi, nasikia kelele kwenye ngazi, inaonekana wameshinda. Nitawauliza nani kafanya kazi leo, na najua watanitajia mfungaji.

Nawasilisha. Usiku mwema wadau, na wenye sapu kesho, kila la heri.